Anga Nyuma ya Shakwe

Hisia ya picha ya ndege wa baharini haikai ndani ya ndege peke yake. Hukaa zaidi katika vitu vinavyomzunguka: anga iliyo nyuma yake, mahali mchoraji alipomsimamisha mtazamaji, upande unakotoka mwanga, na nafasi tupu iliyoachwa kati ya ncha ya ubawa na ukingo wa picha. Shakwe yuleyule, kwa mbawa zilezile na mdomo uleule, akichorwa juu ya maji tulivu ya asubuhi huonekana amepumzika. Akichorwa mdogo, juu kabisa penye kona, na chini yake wimbi jeusi limejaza robo tatu ya picha, huonekana yuko hatarini. Ndege ni yuleyule, ila amewekwa kwingine.

Jambo hilo huonekana wazi zaidi kwa kuanza na picha zisizo na hisia yoyote, tena kwa makusudi. Vitabu vya kutambulia ndege, mfano kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 2002, huwapanga shakwe na buabua kwenye karatasi nyeupe bila wimbi, bila upepo, bila saa ya siku. Waliozichora picha hizo ni mafundi wa hali ya juu, na kila unyoya uko mahali pake. Hata hivyo hakuna anayefungua ukurasa wa namna hiyo akahisi upweke au hofu, kwa sababu kila kinachozaa hisia kimeondolewa ili zibaki alama za kutambulia tu: rangi ya mguu, doa la kwenye mdomo, urefu wa mkia. Ndege mmoja wa ukurasa huo akirudishiwa anga nyuma yake, swali linageuka. Mtazamaji haulizi tena huyu ni ndege gani. Anauliza amepatwa na nini.

Anga basi ndiyo ya kusomwa kwanza, na hapo hata mtu wa mbali na bahari, kama wa Silibwet, ana akiba kubwa kuliko anavyodhani. Mji huo wa kaunti ya Bomet nchini Kenya uko kwenye nyanda za juu zenye mashamba ya chai, zaidi ya kilomita 500 kutoka Bahari Hindi, na wapo wengi waliokua hapo bila kumwona shakwe hata mmoja. Wamefunzwa kuamini kwamba picha ya bahari ni ya watu wa bahari. Lakini mkulima wa chai husoma mawingu kila siku, na husoma kwa sababu riziki yake iko humo. Wingu la kijivu lililotanda sawasawa kutoka kilima hadi kilima ni habari njema: mvua ya taratibu, vikonyo vipya, majani ya kupeleka kiwandani Kapkoros au Tirgaga. Wingu jeusi lililorundikana upande mmoja, lenye ukingo mweupe mkali na ubaridi unaotangulia mbele yake, ni habari nyingine kabisa. Hilo huleta mvua ya mawe, na mvua ya mawe ikishuka juu ya chai, majani hupasukapasuka na wachumaji hukaa wiki kadhaa bila kazi ya maana shambani humo. Kijivu kimoja kinalisha, kingine kinaharibu. Anayeweza kuvitofautisha akiwa mlangoni kwake ana jicho la kutofautisha kijivu cha utulivu na kijivu cha tishio katika picha ya bahari iliyochorwa mbali sana na Bomet.

Tena shakwe na Silibwet si wageni kabisa. Maji ya mto Nyangores, unaopita karibu na mji huo na kuporomoka kwenye maporomoko ya Tenwek, huungana na Amala kuwa mto Mara, hukata mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha humwagika Ziwa Victoria upande wa Musoma. Ziwani humo wako shakwe wa kichwa cha kijivu, wenye mdomo na miguu myekundu, ambao huishi na kuzaliana kwenye maji baridi bila kuhitaji chumvi. Wako pia wageni wa msimu, shakwe wakubwa wenye mgongo mweusi wanaotoka kaskazini mwa Ulaya na Asia kukimbia baridi. Kwa hiyo mkaazi wa Silibwet anayetaka kumwona shakwe aliye hai hahitaji kwenda Mombasa. Safari ya saa chache hadi Kisumu au Homa Bay inatosha.

Baada ya anga huja mahali pa mtazamaji. Kila picha humweka mtu mahali fulani: ufukweni, ndani ya mashua, juu ya jabali, au hewani. Mstari ambapo bahari na anga hukutana ndio unaofichua siri hiyo, kwa kuwa huwa sawa na kimo cha macho. Mstari ukiwa chini, mtazamaji yuko chini anainua uso, na ndege anakuwa kiumbe cha juu, huru, asiyefikika. Mstari ukiwa juu, mtazamaji anaangalia maji kutoka kwenye kimo, na ndege aliye kati yake na maji anaonekana kama mwenzake wa safari. Watu wengi hupita hatua hii bila kuiona, wakakimbilia kusema picha "ina huzuni" au "ina furaha". Hisia waliyoipata imetoka hapo hasa, ila hawajui kwamba wamesimamishwa mahali na mtu aliyepachagua.

Mfano mkubwa wa kazi hiyo ni picha ya Mmarekani Winslow Homer iitwayo Kulia na Kushoto, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta na kukamilika mwaka 1909. Iko katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington. Upana wake ni karibu sentimita 123 na kimo karibu sentimita 72, na kwa kuwa hapa haionekani, haina budi kuelezwa polepole. Mbele kabisa, wakiwa wakubwa na karibu mno, wako bata wawili wa baharini, wa aina inayoshinda majira ya baridi kwenye pwani za Maine, alikoishi Homer. Mmoja ameelekea chini, kichwa mbele. Mwenzake amejinyoosha hewani kama anayetafuta njia ya kutoka. Chini yao mawimbi ya kijivu yenye povu yanainuka kama vilima. Mbali, kati ya mawimbi, kuna mashua ndogo ambayo jicho laweza kuipita mara mbili tatu bila kuiona. Ndani yake yuko mwindaji, na mbele ya mwindaji kuna kidoa chekundu na moshi. Kidoa hicho ni moto wa bunduki.

Bunduki imeelekezwa upande wa mtazamaji. Homer hakumweka mtu ufukweni wala kwenye mashua pamoja na mwindaji, kama ambavyo wachoraji wa mawindo walizoea kufanya. Amempandisha hewani, kwenye kimo cha bata, ndani ya njia ya risasi. Anayetazama anaona kile ambacho bata wangeona kama wangegeuka. Ndiyo maana picha hii humfika mtu kifuani kabla hajaelewa ni kwa nini. Ndege hawa hawalii, hawatoi damu ya kuonekana, nyuso zao hazina maumivu ya kibinadamu, na bado kifo kimeenea kila mahali. Homer alikuwa na umri wa miaka 72 alipoichora, na alifariki Septemba 1910. Wanaoandika kuhusu picha hii mara nyingi huiona kama neno la mzee kuhusu mwisho wa uhai. Usomaji huo una nguvu. Lakini hata asiyejua umri wa mchoraji akisimama mbele ya picha hii atahisi kwamba amefika sekunde moja mapema mno, au sekunde moja kuchelewa.

Na kuna jambo ambalo Homer amekataa kulitatua. Wataalamu wamebishana: yule anayeelekea chini amepigwa, au anajitupa majini kukwepa? Yule wa pili amenusurika, au risasi ya mtutu wa pili tayari imemfikia? Picha inazibeba fasiri zote mbili bila kuvunjika. Msomaji wa picha anayelazimisha jibu moja hupoteza kitu, kwa maana wasiwasi huo wenyewe ndio hali ambayo picha imejengwa kuitoa.

Mwili wa ndege unafuata, na hapa ndipo wachoraji wengi hukosea kwa kumvika ndege sura ya mtu. Ndege hana nyusi wala midomo ya kutabasamu. Husema kwa shingo, kwa pembe ya ubawa, kwa jinsi uzito wake ulivyolala juu ya miguu, kwa manyoya yaliyobanwa au kufumuka. Shakwe aliyekabili upepo hubana manyoya na kuelekeza mdomo kule unakotoka upepo. Mchoraji aliyemwangalia vizuri akimchora hivyo, mtazamaji huusikia upepo ingawa haukuchorwa. John James Audubon, aliyezaliwa mwaka 1785 katika nchi inayoitwa Haiti leo, alilielewa jambo hili kwa namna ya kutisha. Katika mkusanyiko wake wa picha 435 za ndege wa Amerika, uliotoka kati ya 1827 na 1838, yumo shakwe mkubwa wa mgongo mweusi aliyepigwa risasi ya ubawa. Ubawa mmoja umesimama kwenda juu, damu inaonekana, mdomo umeachama. Kitabu kile kilikusudiwa kuonyesha aina za ndege, na ukurasa huu ungeweza kuwa wa kutambulia tu kama nyingine. Umekuwa kilio. Inasikitisha zaidi kujua kwamba Audubon mwenyewe aliua ndege wengi ili awachore. Mkono uliochora uchungu huo ulikuwa unaufahamu kutoka upande wa bunduki.

Rangi huhitaji tahadhari, kwa sababu ndiyo inayobeba mazoea ya kwao mchoraji. Katika picha nyingi za Ulaya shakwe ni mweupe, na weupe wake umepewa kazi ya kuashiria usafi, roho, au tumaini juu ya bahari nyeusi. Lakini anayesimama kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi, ataona makundi ya shakwe wa rangi ya masizi: mgongo wa kahawia, kichwa cheusi, ukosi mweupe shingoni. Mchoraji wa pwani ya Kenya anayemchora shakwe mweupe pepe kwa sababu tu picha alizoziona zilikuwa hivyo ameazima hisia ya bahari nyingine. Akimchora wa Sabaki jinsi alivyo, atalazimika kutafuta mwanga kwingine, labda kwenye mchanga au kwenye povu, na picha nzima itapata hali tofauti, nzito zaidi, ya joto zaidi, ya alasiri ya kaskazi.

Uchoraji wa Tingatinga unaonyesha njia nyingine kabisa. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa wilaya ya Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam yapata 1968 kwa rangi za mafuta zinazopakwa nyumba na baiskeli, juu ya vibao vya mraba, na alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi. Ndege wa mtindo huo hujaza kibao kutoka ukingo hadi ukingo, juu ya rangi moja iliyotandazwa. Hakuna mstari wa upeo, hakuna hali ya hewa, wala umbali. Anayetafuta upweke wa baharini humo atatoka mikono mitupu. Hisia iko katika mdundo: madoa yanayojirudia, mkunjo wa shingo, rangi mbili zinazoshindana kando kwa kando. Ni kosa kuihukumu picha hiyo kwa kipimo cha Homer, na kosa hilo hufanywa sana.

Maana ni suala jingine, na haifai kuchanganywa na hisia. Hisia hujengwa na mchoraji kwa brashi. Maana mara nyingi huletwa na watu kwa makubaliano. Korongo mwenye taji aliye kwenye bendera ya Uganda tangu Oktoba 1962 ameinua mguu mmoja, na mguu huo hufasiriwa kuwa taifa linasonga mbele. Fasiri hiyo haitokani na mwanga wala anga, maana bendera haina anga. Imetokana na mapatano, na asiyeambiwa hawezi kuigundua. Ndege huyohuyo, kong'ony kwa Kikalenjin, ni alama ya ukoo wa Moi, na mtu wa ukoo huo akiona picha yake huona jamaa yake. Ndege mmoja na umbo moja hutoa maana mbili zisizogusana. Kwa mtu aliyelelewa katika desturi ya koo na wanyama wao, wazo kwamba ndege anaweza kumsimamia mtu halihitaji kufundishwa. Linalohitaji kufundishwa ni kwamba si kila ndege aliyechorwa amebeba alama. Wengine wamechorwa kwa sababu walikuwa pale, na mwanga ulikuwa mzuri.

Wakati mwingine maana hubandikwa baadaye na mkono wa mtu mwingine. Mholanzi Jan Asselijn alichora yapata 1650 bata maji mkubwa mweupe aliyefunua mbawa akilinda kiota chake dhidi ya mbwa anayekuja akiogelea. Si ndege wa bahari kuu, lakini kisa chake kinafaa mno kuachwa. Juu ya picha hiyo kumeandikwa maneno: chini ya ndege, cheo cha waziri mkuu wa mkoa wa Holland; kwenye yai moja, jina la Holland; juu ya mbwa, adui wa dola. Hivyo picha ikawa sifa kwa Johan de Witt, kiongozi aliyeuawa na umati mwaka 1672. Tatizo ni kwamba de Witt alishika cheo hicho mwaka 1653, na Asselijn alifariki 1652. Mchoraji hangeweza kuwa na nia hiyo. Maneno yaliongezwa, na tangu hapo kila anayeyasoma huona siasa kabla ya kuona ndege. Jina la picha ya Homer nalo, kama inavyosimuliwa, halikutoka kwa Homer: mtu mpenda mawindo aliingia alipoiona ikionyeshwa akapaza sauti kwa neno la wawindaji, kulia na kushoto, yaani ndege wawili kwa mitutu miwili ya bunduki moja, na jina likaganda. Neno hilo ni la shangwe ya mwindaji. Limebandikwa juu ya picha inayotazama kutoka upande wa walengwa, na mgongano huo sasa ni sehemu ya picha yenyewe.

Muda nao huandika. Audubon alichora pia ndege mkubwa asiyeruka wa Atlantiki ya kaskazini, mweusi mgongoni na mweupe kifuani. Picha ilipotoka, ndege huyo alikuwa adimu lakini hai. Juni 1844 jozi ya mwisho inayojulikana iliuawa kwenye kisiwa cha Eldey, karibu na Iceland. Hakuna tone la rangi lililobadilika katika picha ile, ila hakuna anayeweza kuitazama leo kama ilivyotazamwa ilipotoka. Utulivu wa ndege wawili waliochorwa humo, ambao zamani ulikuwa utulivu tu, sasa unauma.

Kwa haya yote, njia ya kufundishia usomaji wa picha ya ndege darasani au nyumbani ni ya mikono kuliko ya maneno makubwa. Mwanafunzi huziba anga kwa kipande cha karatasi akamtazama ndege peke yake, kisha huondoa karatasi na kusema nini kimeongezeka. Huigeuza picha juu chini, ili ndege asahaulike na uzito wa giza na mwanga uonekane. Hutafuta mstari wa upeo na kusema macho yake yamewekwa kimo gani. Husaka kitu kilicho kidogo kabisa katika picha, kwa kuwa wachoraji wazuri huficha jambo kubwa mahali padogo. Baada ya hapo tu ndipo huruhusiwa kutaja huzuni, amani, au hofu, na kila anapotaja huonyesha kwa kidole mahali alipoipata. Kusoma kusikoweza kuonyeshwa kwa kidole kunaweza kuwa kweli kwa moyo wa msomaji, lakini si kusoma picha.

Wasomaji wawili waaminifu bado watatofautiana. Mtu wa Maine aliyemzika baba mvuvi huona katika kijivu cha Homer bahari inayochukua watu. Mchuma chai wa Silibwet, akiingia katika picha ileile kwa jicho lake, huenda akaona kwanza wingu lililotanda sawasawa, la aina inayoleta mvua ya taratibu, na mawimbi yanayopandana kama vilima vya chai asubuhi yenye ukungu. Ana haki ya kuanzia hapo, na faraja anayoipata imo kweli ndani ya rangi zile. Ataendelea kuwa nayo mpaka jicho lifike mbali, kati ya mawimbi, kwenye kile kidoa chekundu.